Miguu Ilitangulia Kichwa

Hakuna nyumba isiyolijua neno "dede". Mtoto akifikilia miezi tisa au kumi hujiburura mkekani hata akashika mguu wa kitanda, au pindo la khanga ya mamaye, akajiinua. Mara ameachia, amesimama peke yake, akitikisika kama mche uliopandwa jana. Watu wote waliopo uani huacha kazi zao wakampigia makofi: Dede! Dede! Haupiti muda mrefu huyo anakwenda tata, hatua mbili akaanguka, hatua tatu akaanguka, na mwaka ukitimia, au kabla yake kidogo, au baada yake kidogo, amekuwa mwenda kwa miguu kama sisi.

Jambo hili tumelizoea mno hata hatulitazami. Lakini lina ajabu yake. Ndama huzaliwa alfajiri, na jua likiwa juu anamfuata mamaye malishoni. Mtoto wa nyani hung'ang'ania manyoya ya mama yake tangu siku aliyozaliwa. Mwanadamu ndiye amalizaye mwaka mzima akijifunza kusimama, na yeye peke yake katika wanyama wanyonyeshao ndiye aendaye maisha yake yote hatua kwa hatua juu ya miguu miwili, mgongo wima, magoti yamenyoka, kichwa kimekaa juu ya shingo kama mtungi juu ya kata. Kuku naye ana miguu miwili, lakini mgongo wake umelala. Nyani na sokwe husimama wapendapo, wakatazama mbali au wakachuma tunda, kisha hurudi katika miguu minne.

Mwezi huu basi ukurasa huu utazungumza habari ya kusimama huko: kulianza lini, kumejulikanaje, na kumetugharimu nini. Lililotusukuma ni shida ya jirani. Bwana mmoja hapa Dumila, mkulima, ambaye binti yake yumo kidato cha kwanza, alinijia baada ya sala ya Isha na daftari la historia mkononi. Ndani yake mlichorwa viumbe watano waliofuatana kama watu walio katika foleni. Wa kwanza ameinama kama nyani, wa mwisho amesimama na mkuki wake. Mtihani ulipouliza habari hizo, binti aliacha pengo, hakuandika hata neno moja. Alisema hawezi kuandika kwamba Nabii Adam, alayhi ssalaam, alikuwa nyani. Mama yake alimsifu. Baba hakujua amsifu au amkaripie, akanambia, "Maalim, wewe hukaa na vitabu. Nieleze, nisije nikampoteza mtoto huku au kule."

Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza usiku ule, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye daftari la namna hiyo nyumbani mwake, naona yafaa jibu liwafikie na wengine, tena kwa utaratibu zaidi.

Kwanza ile picha ya foleni. Picha hiyo imezagaa duniani kote, na imewadhuru wanafunzi kuliko ilivyowafaa. Wajuzi wa elimu ya viumbe hawasemi kwamba nyani huyu alaye mahindi yetu huku chini ya milima ya Ukaguru ndiye babu wa mtu. Hawasemi hata kwamba sokwe wa Gombe ndiye babu. Wasemalo ni kwamba sokwe na mtu ni kama matawi mawili ya mti mmoja, na kwamba panda yenyewe, mahali matawi yalipoachana, yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Kila tawi likaenda njia yake. Na katika tawi la upande wetu hapakuwa na foleni. Palikuwa na vijitawi vingi, vingine viliishi wakati mmoja, na vingi vikakauka. Viumbe wa tawi hilo ndio waitwao siku hizi kwa Kiswahili zamadamu. Mtu aweza kuikubali kauli hiyo au asiikubali, lakini kabla ya yote yapasa aijue ni kauli gani. Binti wa jirani yangu alikataa kuandika jambo ambalo hakuna mjuzi aliyelisema.

Sasa tuutazame ushahidi, na ushahidi ulio mkubwa kupita wote wa jambo hili umo katika nchi yetu. Shika njia yetu hii ipitayo Dumila kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Ukifika Dodoma elekea kaskazini, upite Kondoa na Babati hata Makuyuni. Hapo geuka kushoto, upite Mto wa Mbu na Karatu, uingie Ngorongoro. Ukivuka nyanda za juu utalikuta Bonde la Olduvai, ambalo Wamasai hulita Oldupai kwa jina la mkonge mwitu uotao humo. (Watu wa wilaya ya Kilosa, ambao babu zao walikata mkonge Kimamba, wanaweza kulicheka jina hilo: hata huko mkonge umetufuata.) Hapo ndipo Bibi Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa kambini na homa, alipoliona fuvu ambalo Louis Leakey alilipa jina la Zinjanthropus. Neno "Zinj" katika jina hilo ni lile lile walilolitumia Waarabu wa kale kwa nchi za upande wetu, akiwamo al-Mas'udi aliyefika pwani hii katika karne ya 10. Fuvu hilo lina umri wa miaka kiasi cha milioni 1.75.

Lakini tunalolitafuta si fuvu. Endelea kusini ya Olduvai kama kilomita 45, utafika mahali paitwapo Laetoli, na jina hili nalo ni la Kimasai, ni jina la ua jekundu. Mwaka 1976 wageni waliokuja kumtazama Bibi Leakey kazini walikuwa wakirejea kambini jioni, wakafanya mzaha wa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alipoinama kulikwepa pande moja, aliona katika mwamba aliokuwa ameukaribia alama za nyayo za wanyama, na vidoa vidogo vya matone ya mvua. Mvua ya lini? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwaka 1978 Paul Abell akaona alama ya kisigino iliyofanana na cha mtu, na katika mwaka huo na ule uliofuata wakafukua njia nzima yenye nyayo kiasi cha 70, urefu wake mita zipatazo 27.

Msomaji atauliza: nyayo hudumu vipi, na hali sisi twajua kwamba hazidumu? Watu wa Dumila wayajua matope. Mafuriko ya Januari 2014 yalipolikata daraja letu la barabara kuu, maji yalipojitenga yaliacha tope kila mahali, na juu ya tope hilo kila aliyepita aliandika: mbuzi, kuku, mtoto, baiskeli. Jua likakausha, tope likapasuka, mvua ya pili ikafuta yote. Laetoli halikuwa tope la mto. Lilikuwa ni majivu ya volkano, na majivu ya milima ile yana chumvichumvi na chokaa, hata yakinyeshewa mvua nyepesi yakapigwa na jua hushikana kama saruji. Mlima ulitema majivu, manyunyu yakanyesha, wakapita tembo, twiga, kifaru, kanga na sungura, wakapita na hao wenye miguu miwili. Kisha jua likakausha, na kabla upepo haujaharibu kitu, mlima ukatema tena ukafunika. Majivu hayo yenyewe ndiyo yaliyopimwa umri, kwa kuwa ndani ya chembe zake mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo ujulikanao usiobadilika. Hesabu imetoa miaka milioni 3.66.

Nyayo hizo ni za nani aliyekwenda vipi? Kisigino kimezama kwanza, kama chetu tutembeapo mchangani. Katikati ya wayo pameinuka. Kidole gumba cha mguu kimenyoka pamoja na wenzake, hakikutengwa pembeni kama cha sokwe ambaye mguu wake hushika matawi kama mkono. Na katika njia yote hiyo hakuna alama ya mkono hata moja iliyogusa chini. Mistari ni miwili, mmoja wa nyayo ndogo, mmoja wa nyayo kubwa, na ukiutazama vizuri huu wa nyayo kubwa utaona kwamba mtu wa tatu alipita humo akikanyaga katika nyayo za aliyemtangulia, kama tufanyavyo sisi tukivuka tope.

Hapo ndipo palipopinduka fikira za wasomi wengi. Charles Darwin, alipoandika mwaka 1871 kwamba asili ya watu yaelekea kuwa Afrika, aliona kwamba kusimama wima, zana mikononi na akili kichwani vilikwenda pamoja, kimoja kikikivuta kingine. Waliomfuata, hasa Uingereza, wakazidi: wakataka kichwa kiwe cha kwanza. Waliona ni muhali kiumbe mwenye ubongo mdogo awe na heshima ya kusimama. Mwaka 1912 wakaletewa mifupa iliyosemekana imechimbwa Piltdown, kusini ya Uingereza, kichwa cha mtu na taya la nyani, nao wakaifurahia kwa sababu ilisema walilotaka kulisikia. Miaka zaidi ya 40 ilikaa katika vitabu, hata mwaka 1953 ilipobainika kuwa ni uwongo mtupu, taya la nyani mkubwa wa Asia lililopakwa rangi na kutiwa tupa menoni. Na katika muda huo huo, mwaka 1925, Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto lililotoka Taung, Afrika Kusini, akaonyesha kwamba tundu upitapo uti wa mgongo liko chini ya fuvu na si nyuma, yaani mwenye kichwa hicho alikibeba juu ya mgongo uliosimama ilhali ubongo wake ni mdogo, walimdharau. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla wakubwa wa elimu hiyo hawajamkubalia.

Nyayo za Laetoli zimekata shauri. Zamadamu wa zama zile, ambao mifupa yao imepatikana Laetoli na pia Hadar huko Ethiopia, alikopatikana yule mashuhuri aitwaye Lucy mwaka 1974, ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh, walikuwa na ubongo uliokaribia theluthi moja tu ya ubongo wetu. Zana za mawe zilizo kongwe kuliko zote zijulikanazo ni zile za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zilizotangazwa mwaka 2015, na umri wake ni miaka milioni 3.3; nyayo zimezitangulia kwa miaka zaidi ya 300,000. Miguu ilikwenda mbele, kichwa kikafuata nyuma sana. Mimi naliona hili kuwa ni jambo la kumnyenyekeza msomi yeyote aliyejivunia bongo lake.

Naomba hapa nisimame kidogo niseme juu ya binti na mtihani wake. Katika habari hizi mna mambo ya namna tatu, nayo yasichanganywe. Lipo lililoonekana kwa macho, nalo ni nyayo. Anayetaka kuzikana na akazikane mbele ya mwamba. Lipo lililokadiriwa kwa hoja, nalo ni kwamba aliyepita ni zamadamu wa aina ile ile ya Lucy, kwa kuwa mataya na meno ya aina hiyo yamepatikana katika matabaka yale yale ya Laetoli. (Jina la aina hiyo wamelichukua Afar ya Ethiopia, lakini taya lililowekwa kuwa kielelezo chake ni la Laetoli, aliloliokota Maundu Muluila mwaka 1974. Tumetoa mfupa, wenzetu wametoa jina.) Na lipo la tatu ambalo sululu ya mchimbaji haina neno juu yake, nalo ni habari ya Nabii Adam. Hakuna wayo wenye jina la mtu.

Juu ya hilo la tatu Waislamu wenyewe hawakusema kauli moja. Wengi wa wanazuoni hushika dhahiri ya mafundisho kwamba Adam aliumbwa pasi na baba wala mama, na hapo hawasogei. Wako wasemao kwamba viumbe wengine wote waweza kuwa walibadilika katika zama, ila Adam yeye ametolewa katika hukumu hiyo. Na wako waendao mbali zaidi. Zamani Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, ambayo leo imo Lebanon, aliandika mwaka 1888 kwamba kwake nadharia hiyo haijathibiti. Lakini kama itathibiti kwa hoja ya kukata, Mwislamu hatalazimika kuiacha dini yake, atazifahamu aya kwa njia isiyogongana nayo. Ukurasa huu si wa fatwa, na mwenye kutaka hukumu awaulize wenyewe. Nitataja tu kwamba aya ya 45 ya Sura An-Nur inawataja viumbe kwa jinsi wanavyokwenda, wa matumbo, wa miguu miwili na wa miguu minne, na wote asili yao ni maji. Kutazama mwendo wa kiumbe na kuufikiri si jambo geni kwetu.

Ama mtihani, jibu langu kwa jirani lilikuwa fupi. Aulizwaye wajuzi wasemaje, naye akajibu kwamba husema hivi na hivi, hakutoa shahada, amesimulia kauli. Imam al-Ghazali kabla ya kuwajibu wanafalsafa aliandika kwanza kitabu kizima akieleza makusudio yao, tena kwa uzuri hata waliokuja nyuma wakamdhania kuwa ni mmoja wao. Al-Biruni alieleza imani za Wahindi kwa urefu katika karne ya 11 na hakuwa Mhindu kwa hilo. Binti na aandike alichofundishwa, aandike vizuri, apate alama zake. Na nyumbani baba na mama wakae naye wamweleze wanayoyaamini wao. Kumsifu kwa pengo la karatasi tupu ni kumfunza kwamba dini yake huogopa maswali. Mama mtu hakupendezwa sana na jibu hilo, lakini siku ya pili alimruhusu binti aje achukue kitabu.

Turudi katika kusimama, maana kuna bei iliyolipwa, na waliolipa zaidi ni mama zetu.

Mtoto huzaliwa mgongo wake umepinda kama upinde mmoja. Kiuno chake hakina mbonyeo. Mbonyeo huo wa kiunoni, unaotuwezesha kuleta kifua na kichwa juu ya nyonga, hukua kwa kadiri anavyosimama dede na kwenda tata. Basi mwanamke ahimilipo, mzigo wote wa mimba huwa mbele, na kwa mnyama wa miguu minne mzigo huo ungening'inia tu kama chandarua. Kwa mwenye kusimama unamvuta aanguke kifudifudi. Mwaka 2007 wajuzi watatu wa Marekani, Whitcome, Shapiro na Lieberman, walionyesha kwamba mbonyeo wa kiuno cha mwanamke umeenea katika pingili tatu za uti wa mgongo, na wa mwanamume katika mbili, ili mwanamke aweze kujirudisha nyuma bila ya kuvunja pingili moja. Na hali hiyo hiyo waliiona katika pingili za zamadamu wa kale. Kijana amwonaye mama yake mjamzito ameweka mkono kiunoni, na ajue anatazama jambo la miaka milioni nyingi.

Kisha ni kuzaa kwenyewe. Nyonga ya mwenye kusimama imekuwa fupi na pana, mfano wa bakuli, ili ishike matumbo na misuli ya mwendo. Na njia ya mtoto humo ni ya kupindapinda. Baadaye sana, vichwa vilipokuwa vikubwa, ikawa shida juu ya shida. Mtoto wa binadamu hana budi ageuke njiani, na aghalabu hutoka uso wake umeelekea mgongo wa mama, hata mama hawezi kumshika na kumvuta mwenyewe bila ya hatari ya kumdhuru. Sokwe hujitenga akazaa peke yake. Binadamu, katika makabila karibu yote yajulikanayo, hutafuta mtu wa kumsaidia. Wajuzi wanabishana bado kama nyonga ndiyo imfanyayo mtoto azaliwe mapema akiwa mnyonge, au ni chakula na nguvu za mama kutotosha kumkuza zaidi tumboni. Lakini juu ya haja ya msaidizi hawabishani. Kwa hiyo yule mume asemaye kwamba bibi yake alizaa saba nyumbani peke yake, na mke wake naye atazaa hivyo hivyo, maumbile yenyewe hayamuungi mkono. Zahanati na mkunga mwenye elimu si anasa ya wanawake wa siku hizi.

Lakini pia ilipatikana faida, na hiyo tunaiona barabarani kila asubuhi. Mama mmoja ana ndoo kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi, na mdomo wake unazungumza na jirani. Hakuna mnyama mwingine awezaye hayo. Mwaka 1986 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda wa kipajini. Walipimwa pumzi zao wakitembea. Ikaonekana kwamba mzigo uliofika sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi hata kidogo, ilhali askari wazungu waliopimwa kwa mizigo ya mgongoni huongezeka gharama kwa kila kilo. Siri yake, walieleza baadaye, imo katika mwendo: mwili hupanda na kushuka kama timazi ibembeayo, na wanawake hao chini ya mzigo huipoteza nguvu ya mbembeo huo kwa uchache kuliko wengine. Wala mwendo wetu mtupu si ghali. Majaribio mengine ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba mtu atembeaye hutumia kiasi cha robo tu ya nguvu atumiazo sokwe kwa mwendo ule ule.

Je, kwa nini walisimama? Hapa ndipo wajuzi wanapokuwa wengi kuliko hoja. Kwa muda mrefu shuleni imefundishwa kwamba misitu ilipopungua na mbuga zikaenea, viumbe hao waliteremka mitini wakalazimika kusimama ili waone juu ya majani. Ni hadithi nzuri, na mwalimu huisimulia kwa raha. Lakini mwaka 2022 yalitoka matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Bonde la Issa, magharibi ya Tanzania, ambako sokwe huishi katika nchi ya miombo na nyasi, yenye misitu michache kando ya vijito, nchi inayofanana na ile ya zamani zile. Wachunguzi waliwafuata sokwe wazima 13 kwa miezi 15. Walitarajia kuwaona wakisimama zaidi huko penye uwazi. Sivyo, zaidi ya sehemu 85 katika 100 za kusimama kwao kulikuwa mitini, wakishika tawi la juu kwa mkono na kukanyaga la chini kwa miguu ili wayafikie matunda. Huenda basi kusimama kulianzia juu ya mti, kukateremka nao chini. Nasema huenda, kwa kuwa sokwe wa leo ni sokwe wa leo.

Na Laetoli yenyewe bado haijamaliza maneno. Katika miaka ya 1970 palipatikana pia nyayo tano za ajabu mahali pengine hapo hapo, zilizopishana kama za mtu apitaye juu ya kamba, na wengine wakadhani ni za dubu aliyesimama. Zilisahauliwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2021 Ellison McNutt na wenzake, akiwamo Mtanzania Charles Musiba, walitangaza kwamba wamezifukua tena na si za dubu; ni za zamadamu mwingine, wa mwendo usiofanana na wa wenzake. Na mwaka 2016 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo mpya za watu wawili, kama mita 150 kutoka zile za kwanza, zilizoonekana yalipochimbwa mashimo ya kupima mahali pa kujenga makumbusho. Mmoja wao kimo chake kimekadiriwa kufika sentimita 165, mrefu kuliko wote waliotangulia kujulikana wa zama hizo. Ichumbaki aliwauliza pia Wamasai wakaao huko, nao walimsimulia habari za shujaa Lakalanga, mtu mkubwa aliyewasaidia vitani, ambaye kila alipokanyaga aliacha alama ardhini.

Nyayo za kwanza hazionekani leo kwa mpita njia. Zilifunikwa tena mwaka 1979 ili zisiliwe na mvua. Kumbe katika udongo wa kufunikia mlikuwa na mbegu za migunga, ikaota, mizizi ikaanza kuingia katika mwamba. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty ya Marekani waliing'oa na kuiua mizizi, wakazifunika upya kwa matabaka ya mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Atakayefika Olduvai atauona mfano wake katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2017. Kwa sisi wa huku, Dar es Salaam ni karibu zaidi. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, na humo mna habari za Zinji na wenzake. Watoto na wapelekwe wakati wa likizo, na wachukue daftari.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumza habari ya moto: ulianza lini kupika, na kwa nini meno yetu ni madogo.